Je, Wajua? Viwanja Visivyo na Vumbi

Je, wajua kwamba kuna watu wanaolipa kodi ya mwezi kwa kiwanja ambacho hakuna binadamu aliyewahi kukikanyaga? Kiwanja kina nyumba, kina jirani mwenye kelele, kina mnada na madalali, ila chote kimo ndani ya kompyuta za watu wengine. Unaingia humo ukiwa na mwili wa kuchorwa uitwao avata, unatembea, unapiga soga, unafanya biashara. Wapo hata waliooana. Leo safu hii inazizungukia dunia hizi za mtandaoni: zinamfaa nani, na zinaishia wapi.

Moja ya dunia za kwanza za aina hii, wajua, haikuwa na picha hata moja. Mwaka 1978 Roy Trubshaw, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, alianza kuandika programu iitwayo MUD, na mwenzake Richard Bartle akaiendeleza. Kila kitu kilikuwa maneno. Unaiandikia mashine kwamba unaelekea kaskazini, nayo inakujibu kuwa sasa umesimama msituni na fulani yuko hapo ubavuni mwako. Aliyelelewa na bibi mwenye hadithi za usiku, taa ya chemli imezimwa ili kubana mafuta, hatashangaa kwamba macho hayakuhitajika.

Je, wajua kwamba walanguzi waliwahi kufika huko kabla ya intaneti kufika kwetu? Mwaka 1986 kampuni ya Lucasfilm, wale wale wa filamu za Star Wars, ilianza kujaribu dunia iitwayo Habitat, iliyochezwa kwa kompyuta za Commodore 64 kupitia waya wa simu. Kila mkazi alipewa tokeni za kuanzia maisha. Mjini kulikuwa na mashine za kuuza bidhaa na nyingine za kununua vitu vya mkononi, na waundaji wakakosea bei. Mdoli uliouzwa tokeni 75 kwenye mashine moja, mashine nyingine ilikuwa radhi kuununua kwa 100. Wakazi wachache wakanusa. Usiku kucha wakawa mbio, wananunua huku na kuuza kule, hadi mtaji ukatosha kuingia kwenye bidhaa kubwa: tufe la kioo la kupigia ramli, ununue kwa 18,000, uuze kwa 30,000. Kulipokucha wasimamizi wakakuta fedha yote iliyomo mjini imeongezeka mara tano. Miaka mitatu kabla ya hapo Tanzania ilikuwa ikiwasaka wahujumu uchumi nyumba kwa nyumba. Hawa wangelala ndani. Lakini Habitat haikuwafukuza. Matajiri wale wapya walizimwaga fedha zao kwenye mashindano ya kutafuta hazina waliyowaandalia wenzao, na mji ukachangamka kuliko ulivyokuwa umepangwa na waliouchora.

Je, wajua kwamba mwaka 2001 mchumi Edward Castronova alipiga hesabu za nchi ya kufikirika iitwayo Norrath, iliyomo katika mchezo wa EverQuest, kwa kuangalia bei ambazo wachezaji waliuziana mali zao kwa dola halisi? Alipata kwamba pato la mkazi mmoja wa Norrath liko kati ya lile la Urusi na la Bulgaria. Nchi haina shamba, haina mgodi wala bandari.

Penye fedha hapakosi upatu. Katika Second Life, dunia iliyofunguliwa na kampuni ya Linden Lab ya Marekani mwaka 2003, ilikuwapo "benki" iitwayo Ginko Financial. Iliahidi riba ya zaidi ya asilimia 40 kwa mwaka. Watu wakaweka. Mwezi Agosti 2007 foleni ya kutoa fedha ikawa ndefu kuliko fedha zenyewe, benki ikafa, na inakadiriwa zilipotea dola za kweli kama 750,000. Januari 2008 Linden Lab ikapiga marufuku kulipana riba mle ndani kwa yeyote asiye na kibali cha serikali ya nchi halisi. Wanaoukumbuka upatu wa DECI wa mwaka 2009 hapa Tanzania hawahitaji kutafsiriwa.

Je, wajua kwamba nchi ya kwanza kufungua ubalozi katika Second Life haikuwa Marekani wala Japani? Ilikuwa Maldivi, Mei 2007. Uswidi ikafuata siku chache baadaye, na waziri wake wa mambo ya nje, Carl Bildt, akaufungua ubalozi huo yeye mwenyewe kwa avata. Jengo lilikuwa zuri na kuta zake zilipambwa. Viza hazikutolewa: ukitaka viza, nenda kwenye ubalozi wenye mlinzi getini.

Na hii je? Mwishoni mwa Novemba 2022 idara ya misaada ya nje ya Tume ya Ulaya iliandaa tamasha la mtandaoni la kuwavutia vijana, katika dunia pepe iliyogharimu euro 387,000. Palikuwa na kisiwa, muziki na dansi. Mwandishi wa habari aliyeingia kutazama alikuta wenzake wapatao watano, nao wenyewe wakiulizana hapa pana nini.

Nikae kidogo hapo, kwa sababu ndipo kosa linaporudiwa tangu 2007 hadi leo. Wenye fedha hujenga ukumbi kwanza, wakatundika maua na taa, kisha wakasubiri harusi itokee. Ukumbi hauzai harusi. Dunia hizi hujaa pale ambapo watu wana shughuli yao tayari, wakakosa mahali tu pa kuifanyia. Shughuli ikiwapo, hata picha mbovu hazimfukuzi mtu. MUD haikuwa na picha kabisa na watu walikesha.

Je, wajua kuhusu Kibera? Mwaka 2012 shirika la UN-Habitat, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi, liliungana na Mojang, waundaji wa mchezo wa Minecraft, katika mradi uitwao Block by Block. Mojawapo ya sehemu za kwanza kufanyiwa majaribio ilikuwa Kibera, mji uleule mmoja na Gigiri ingawa ukitazama barabara zake huwezi kudhani. Wakazi walikaa pamoja mbele ya kompyuta na kulijenga upya eneo lao la wazi kwa vitofali vya mraba vya mchezo huo. Ujanja wake ni mwepesi. Mchoro wa mhandisi una mistari ambayo muuza mboga hawezi kuisoma, kwa hiyo mkutanoni atanyamaza na kutikisa kichwa. Lakini ukuta wa Minecraft anauona. Anaweza kunyoosha kidole na kusema hapa maji hupita masika, hapo pana giza tunakabwa, ukuta huu uondoeni, na kijana aliyeshika kipanya anaubomoa papo hapo watu wote wakitazama. Huko Les Cayes, Haiti, hata wavuvi ambao hawakuwahi kugusa kompyuta walishiriki kuupanga ufukwe wao kwa njia hiyo hiyo.

Mpaka wa Minecraft, hata hivyo, ni pale pale kompyuta inapozimwa. Tofali la mchezo ni bure. La saruji lina bei, na lina diwani.

Je, wajua kwamba ndani ya mchezo huo huo wa watoto imo maktaba ya habari zilizopigwa marufuku? Machi 2020 shirika la Waandishi Wasio na Mipaka lilifungua Uncensored Library, jengo la nguzo na kuba lililojengwa kwa vitofali zaidi ya milioni 12.5. Vitabu vyake vina makala za waandishi kutoka Misri, Mexico, Urusi, Saudi Arabia na Vietnam, akiwamo Jamal Khashoggi. Wazo lilikuwa kwamba serikali inayofunga tovuti za habari mara nyingi husahau kuufunga mchezo.

Nani alijua kwamba gonjwa la kwenye mchezo lingefika kwenye jarida la madaktari? Tarehe 13 Septemba 2005, katika World of Warcraft, jitu liitwalo Hakkar lilipewa laana ya damu yenye kuambukiza. Ilikusudiwa ibaki ndani ya pango lake. Ila wachezaji walikuwa na wanyama wao wa kufuga, wanyama wakaambukizwa, wakafichwa, wakaja kufunguliwa katikati ya miji. Mitaa ikajaa mifupa. Wauzaji madukani, ambao ni vibaraka wa kompyuta wasioweza kufa, waliibeba laana bila dalili na kumwambukiza kila mteja. Wapo wachezaji waliojitolea kutibu wenzao hadi wakafa, wapo waliokimbilia porini, wapo waliokwenda mjini kuchungulia tu, na wapo walioisambaza kwa makusudi wakicheka. Kampuni ilijaribu karantini, ikashindwa, ikaishia kuwasha seva upya. Mwaka 2007 Eric Lofgren na Nina Fefferman waliliandikia jambo hili makala katika The Lancet Infectious Diseases, wakieleza jinsi tabia za watu katika mlipuko zinavyoweza kuchunguzwa humo. Kasoro ya kipimo hiki ni kubwa na inafahamika: mtu anayejua atafufuka baada ya dakika mbili huchungulia kirahisi kuliko mwenye roho moja. Hata hivyo, baada ya 2020, nani atasema hakuwaona wale waliokwenda kuchungulia?

Je, wajua kwamba Aprili 2020 watu milioni 12.3 walihudhuria kwa wakati mmoja onyesho la mwanamuziki Travis Scott ndani ya mchezo wa Fortnite? Na wajua pia kwamba hawakuwa pamoja? Waligawanywa katika nakala nyingi mno za uwanja uleule, kila nakala ikiwa na watu wasiofika mia. Ni kama kusema umati umejaa Uwanja wa Mkapa, kumbe kila familia iko sebuleni kwake.

Sababu ni ya hesabu tu. Watu kumi wakiwa chumbani, kompyuta inamweleza kila mmoja mambo ya wenzake tisa: habari 90. Wakiwa mia, habari ni 9,900. Wakiwa elfu moja, zinakaribia milioni, na zinatakiwa upya mara nyingi kwa kila sekunde. Eneo la kawaida la Second Life lilikuwa likijaa kwa avata 40 hadi 100. Mchezo wa EVE Online wa Iceland ulichagua njia nyingine: watu wakizidi, saa yenyewe inapunguzwa mwendo. Tarehe 27 Januari 2014 mapigano yalilipuka mle kwenye eneo liitwalo B-R5RB baada ya kundi moja kutolipa ankara yake ya umiliki. Ndiyo, bili tu. Zaidi ya wachezaji 7,500 walihusika, meli kubwa kuliko zote 75 ziliteketea, na hasara ilikadiriwa kufika thamani ya dola 300,000. Vita ilichukua saa zipatazo 21, kwa kuwa muda ndani yake ulipunguzwa hadi sehemu moja ya kumi: unafyatua kombora, unakwenda kuchemsha chai, unarudi, bado liko njiani.

Je, wajua kwamba nuru ndani ya nyuzi za mkongo husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, na bado inachelewa? Kutoka Dar es Salaam hadi London ni karibu kilomita 7,500 ukipita moja kwa moja. Kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 75 hata mkongo ungenyooka kama rula, nao haunyooki, unazunguka na pwani. Mchezaji aliye London karibu na seva atakupiga kabla hujamwona. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku hiyo hata kutuma picha ya harusi ilikuwa kazi.

Mpwa wangu ana miaka 11 na anajenga nyumba katika mchezo wa Roblox kwa simu ya mama yake, ile yenye kioo kilichopasuka pembeni. Jumapili moja nilikaa naye kumtazama. Alikuwa ameshapandisha kuta tatu na anachagua rangi ya mlango huku anabishana kwa maandishi na mtoto mwingine ambaye hajui yuko nchi gani. Mara avata yake ikaganda mguu mmoja juu. Akaitikisa simu, akaiinua dirishani, akageuka kunitazama kwa upole usio wa kawaida yake. "Mjomba, bando limekata." Nilimnunulia la shilingi 1,000. Liliisha kabla ya paa. Wataalamu wanapoandika kuhusu mustakabali wa dunia hizi husahau kipimo hiki: bando la buku, na kuta tatu.

Mzazi anayesoma hapa asiishie kwenye bando. Yule mtoto wa upande wa pili anaweza asiwe mtoto. Agosti 2024 Uturuki iliifungia Roblox yote kwa hoja ya usalama wa watoto. Mimi nadhani kufungia ni uvivu, kukaa kando ya mtoto na kuuliza "huyu ni nani?" kunachosha zaidi lakini kunajibu zaidi.

Je, wajua kwa nini miwani ya uhalisia pepe huwatapisha watu? Aliyewahi kuvuka mkondo wa Nungwi kwenda Pemba siku ya kusi kali anajua nusu ya jibu. Botini, sikio la ndani linahisi mwili unarushwa huku macho yanaona kiti cha mbele kimetulia. Ndani ya miwani ni kinyume: macho yanakimbia, sikio linasema umekaa kwenye kochi. Ubongo ukiletewa ushahidi wa aina mbili huliadhibu tumbo. Botini angalau hupita mtu anagawa mifuko.

Lakini miwani hiyo hiyo huondoa maumivu. Chuo Kikuu cha Washington kilitengeneza SnowWorld, bonde la barafu ambamo mgonjwa aliyeungua moto hurusha mipira ya theluji wakati vidonda vyake vinasafishwa. Maumivu yanataka umakini wa mtu ili yatawale. Umakini ukiibwa, hupungua. Humo hamna umati wala biashara, ni mtu mmoja na barafu yake, na pengine ndiyo matumizi yenye maana kuliko yote katika ukurasa huu.

Je, wajua kwamba Februari 2023 mahakama moja ya Magdalena, Colombia, iliendesha shauri ndani ya dunia pepe, jaji akiwa avata mwenye joho jeusi? Lilichukua kama saa mbili. Kwa shauri la nyaraka, sawa. Kwa shahidi ambaye unataka kuona kama jasho linamtoka, bado tutahitaji kizimba cha mbao.

Na avata wa kampuni ya Meta walikaa muda mrefu bila miguu. Walielea kuanzia kiunoni kama majini ya hadithi, kwa sababu miwani iliyoko usoni haioni miguu iko wapi. Kitengo cha Meta kinachoshughulikia dunia hizi na vifaa vyake kilipata hasara ya dola bilioni 13.7 mwaka 2022, bilioni 16.1 mwaka 2023, na bilioni 17.7 mwaka 2024.

Je, wajua kwamba nchi inaweza kuhamia mtandaoni? Novemba 2022 waziri Simon Kofe wa Tuvalu, nchi ya visiwa tisa inayomezwa na Bahari ya Pasifiki, aliuambia mkutano wa tabianchi wa COP27 kwamba watajenga nakala ya kidijitali ya nchi yao: ardhi, bahari, utamaduni. Wapo waliodhani ni maigizo. Mimi naona kuna sheria ndani yake: nchi isiyo na ardhi bado inaitwa nchi? Nani ana haki ya kuvua katika maji yake? Nakala inaweza kutunza kumbukumbu na hati, na kuuweka mjadala hai. Mnazi wake hautoi dafu.

Wakati wa UVIKO, Wafilipino wengi walijipatia chakula kwa kucheza Axie Infinity, mchezo wa wanyama wa kuchorwa uliowalipa kwa sarafu iitwayo SLP. Katikati ya 2021 sarafu moja ilizidi senti 30 za dola. Katikati ya 2022 haikufika senti 1. Katikati ya hayo, Machi 2022, wezi wa mtandao walikomba zaidi ya dola milioni 600 kwenye mfumo wake. Malipo yalitegemea wachezaji wapya waingie kila siku wakinunua. Rudia ile aya ya upatu.

Je, wajua kwamba mwenye dunia akichoka, dunia inazimwa? Google ilifungua Lively Julai 2008 na kuifunga Desemba mwaka huohuo. Club Penguin ya watoto ilizimwa Machi 2017. AltspaceVR ya Microsoft, Machi 2023. Nyumba, nguo, picha za ukutani, vyote huondoka pamoja na seva, na hakuna baraza la ardhi la kulalamikia, kwani kwenye mkataba ule mrefu ulioukubali bila kuusoma pameandikwa kwamba hukununua kitu. Ulipewa ruhusa ya kukitumia.

Je, wajua habari za Mats Steen? Alikuwa kijana wa Norway mwenye ugonjwa wa kudhoofisha misuli uitwao Duchenne, aliyefariki Novemba 2014 akiwa na miaka 25. Miaka yake ya mwisho aliitumia zaidi kwenye World of Warcraft, akiwa mtu mrefu mwenye nguvu aitwaye Ibelin. Wazazi wake walimsikitikia: waliamini amekufa bila kupata rafiki. Baba yake akaandika taarifa ya msiba kwenye blogu ya mwanawe, akaacha anwani ya barua pepe. Barua zikaanza kuingia, moja, mbili, kisha mfululizo, kutoka nchi mbalimbali za Ulaya. Huyu aliandika jinsi Ibelin alivyomsikiliza alipokuwa na huzuni, yule jinsi alivyomsaidia kuelewana na mwanawe. Baadhi walisafiri kwenda kumzika mtu ambaye hawakuwahi kumwona uso. Mle mchezoni alikuwa na desturi ya kukimbia nusu saa kila siku kwa njia moja ile ile, akisalimia watu na kutazama miti. Nyumbani alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Kila mwaka wenzake wa kundi la Starlight hukutana na kuikimbia njia hiyo.

Na Second Life, ile ya mabalozi na upatu? Bado ipo. Imevuka miaka 20, na wapangaji wake wanaendelea kulipa kodi ya mwezi kwa ardhi isiyoota hata mchicha.